Chupa Ndogo ya Paroko

Jumamosi, 14 Februari

Paroko mpya kafika leo saa nne asubuhi, kalowa chapachapa. Sanduku moja, mwavuli uliovunjika mbavu, na katoni iliyofungwa kamba. Nilinyoosha mkono nimpokee ile katoni, akasema, "Hii niachie, Mama." Mpishi wa nyumba ya mapadre akanikonyeza. Huyo akikukonyeza, ujue kesho habari iko sokoni.

Naandika katika daftari la mahudhurio ya kwaya. Wanakwaya hawahudhurii, daftari limebaki jeupe, nami sipendi kitu kilale bure. Mimi ndiye sakristani wa parokia hii, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Natandika altare, napiga pasi kanzu, natia divai na maji katika vichupa kabla ya misa. Maparoko watano wamepita, mimi nipo.

Huyu ni mwembamba, mpole, kwenye miaka hamsini hivi. Tutaona.

Jumatatu, 16 Februari

Makubwa! Katoni imefunguliwa, na ndani mna vichupa vyeusi kumi na viwili, kila kimoja kama cha dawa ya kikohozi.

Paroko alivileta mwenyewe sakristia. "Mama, kwa misa zangu utatia hii. Ile ya kabatini itakuwa ya Padre Mzee." Padre Mzee ni mstaafu wetu wa miaka themanini na mmoja, anakaa chumba cha mwisho cha nyumba ya mapadre na anasoma misa siku anazojisikia. "Baba Askofu ameniruhusu," paroko akaendelea. "Ukiwa na swali niulize tu, Mama. Usione haya."

Nikamwambia sina swali. Niwe na swali mimi, ndani ya sakristia yangu?

Alipotoka nikafungua kimoja, nikanusa, nikachovya kidole. Yesu na Maria! Juisi. Juisi tamu ya zabibu, ya kumpa mtoto aliyechomwa sindano. Nilikaa juu ya sanduku la mishumaa hadi kengele ya saa sita.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Nimetia juisi. Mkono umetia, moyo haukutia. Tulifundishwa kwenye semina ya masakristani: divai ya misa ni ya zabibu, iliyochacha sawasawa. Sasa hii nayo? Watu walipiga magoti mbele ya kikombe cha kalisi, nami nyuma ya nguzo najiuliza kuna nini mle ndani.

Mahubiri yake dakika saba. Paroko aliyepita alikuwa akiwachapa walevi kutoka mimbarini mpaka unatamani kumpigia makofi. Huyu kasema, "Ukinikuta nimeanguka, usinihubirie kwanza. Nipe mkono." Kisha akatangaza kwamba kila Alhamisi saa kumi, katika chumba cha katekesi, watakutana watu walioshindwa na pombe. Hakuna atakayeandikwa jina.

Mpishi alinishika kiwiko pale mlangoni. "Umesikia? Tunafungua kilabu!"

Ijumaa, 27 Februari

Mvua tangu alfajiri. Bati la sakristia linavuja palepale, juu ya kabati la kasula, yale mavazi ya juu ya padre. Nimeweka ndoo.

Jana walikuja tisa. Nilichungulia, ndiyo, nilichungulia, chumba ni changu kukifungua na kukifunga. Wa tatu kutoka dirishani alikuwa mdogo wangu.

Niandike mara moja tu, nisirudie. Mdogo wangu ni fundi viatu, kibanda chake kinatazamana na geti la kanisa. Mkono wake ni wa dhahabu, koo lake ni la shetani. Siku tunamzika mama yetu, miaka minne iliyopita, alikuja amelewa chakari, akatereza kwenye udongo, akaingia kaburini kabla ya jeneza. Watu walimtoa kwa kamba. Mama kalala pembeni anasubiri zamu yake! Tangu siku ile hajakanyaga ndani ya geti langu, na mimi simsemeshi.

Leo jioni kapita mbele ya nyumba na mwavuli wake wa maturubai. Akasimama nje ya ua, akapaza sauti: "Dada! Leo siku ya pili!"

Nikafunga dirisha.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Ijumaa, 6 Machi

"Dada! Siku ya tisa!"

Nilimjibu safari hii. Nilimwambia wendawazimu nao wanajua kuhesabu. Akacheka, akaenda zake. Alikuwa amenyoa ndevu.

Jumapili, 8 Machi

Mpishi analalamika: Padre Mzee hataki tena bia yake ya jioni. Miaka yote ile anakunywa moja, moja tu, na mguu wake kwenye stuli. Tangu paroko mpya aje, anakunywa chai. "Nimemuuliza kulikoni," anasema mpishi, "kanijibu ni Kwaresima. Kwani Kwaresima zote zile zilizopita hazikuwa Kwaresima?"

Nimecheka. Mpishi ana mdomo, lakini leo alisema kweli.

Jumatano, 11 Machi

Jumamosi hii mama anatimiza miaka minne. Nimeandikisha misa ya kumwombea, na padre mwenye zamu ni paroko.

Nimekaa naiwaza ile juisi. Mama alilala kitandani miaka minane, nikimgeuza upande huu na upande ule. Rozari yake ilikatika mara tatu, mara tatu nikaitunga. Leo aombewe kwa juisi? Na kama misa ile si misa? Nimuulize nani? Paroko mwenyewe ndiye mshtakiwa, na Padre Mzee ukimuuliza jambo anakusimulia la mwaka wa kupadirishwa kwake.

Paroko ana mafua mazito. Kutwa nzima anapiga chafya, macho mekundu. Mvua hii itatumaliza.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeamua. Rangi za juisi na divai hazina tofauti. Kesho natia divai halisi kwenye kichupa chake, kwa ajili ya mama. Mara moja tu. Mungu anajua nia yangu.

Jumamosi, 14 Machi

Misa imesomwa. Mama ameombewa kama inavyotakiwa, na mimi sina amani.

Alipofika pale pa kunywa, aliinua kalisi, akanywa, akasimama. Alisimama muda mrefu, mikono yote miwili imeishika kalisi. Watu wakadhani anasali. Nami nikadhani anasali. Kisha akanywa yote iliyobaki, maana kilichokwisha kugeuzwa kuwa Damu ya Bwana hakirudishwi kichupani. Akanitazama moja kwa moja, nyuma ya nguzo yangu.

Sakristia, hajavua hata kasula, akaniuliza, "Mama, leo umetia ipi?"

"Ile ile yako, Padre."

Akachukua kichupa akakipeleka puani. Na yale mafua, angenusa nini? "Una hakika?"

"Padre, miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii."

Akakirudisha kichupa taratibu sana. "Basi ni mimi," akasema. Akavua mavazi, akatoka bila kunywa chai.

Basi ni mimi. Maana yake nini?

Jioni yule mwingine alipita. "Dada! Siku ya kumi na saba! Nimemwombea mama!" Nilikuwa jikoni. Sikutoka.

Jumanne, 17 Machi

Paroko hakutokea misani leo. Alisoma Padre Mzee, amekalia kiti. Wamesema ni mafua.

Alhamisi, 19 Machi

Saa kumi walevi walikuja, chumba kimefungwa. Paroko hakuacha ujumbe, nami sikufungua, kwa sababu sikuagizwa. Walisimama nje chini ya upenu karibu saa nzima, mvua ikiwarukia miguuni, hakuna aliyeondoka. Mdogo wangu alikuwa katikati yao, anawasimulia jambo, wanacheka. Nilikuwa nawatazama kutoka dirisha la sakristia, funguo mkononi. Sijui kwa nini sikwenda kufungua.

Jumamosi, 21 Machi

Nina desturi ya kuweka alama ya penseli kwenye karatasi ya chupa ya divai, nijue imebaki kiasi gani. Leo divai iko vidole vitatu chini ya alama. Nimehesabu na chupa zilizofungwa. Zilikuwa sita. Ziko nne.

Funguo za sakristia ziko kwa watu wawili, mimi na paroko.

Nimeketi na wazo hili tangu mchana. Kumbe! Kumbe ndiye huyu! Anawakusanya walevi wenzake Alhamisi, mimbarini anajifanya anawahurumia, halafu anaingia kuiba divai ya altare! Nyani haoni kundule. Hasira imeniharibia hata mwandiko.

Jumatatu, 23 Machi

Naandika ili mikono itulie.

Saa nne asubuhi nilikwenda kumwaga ndoo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikatumia ufunguo wangu.

Alikuwa ameketi sakafuni, kati ya kabati la kasula na ukuta, miguu ameinyoosha kama mtoto. Amevaa kanzu nyeupe ya misa, ile niliyoipiga pasi Ijumaa, na imelowa divai kifuani mpaka magotini. Chupa moja imelala tupu. Ya pili iko mkononi. Matone ya batini yalikuwa yanamwangukia begani naye hana habari.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nayo maneno, nilikuwa nimeyapanga tangu Jumamosi. Akainua uso, akaniona, akatabasamu. Tabasamu la mtu anayekuomba radhi.

"Ni ile ile, Mama," akasema. "Ile ile yangu. Umeniambia mwenyewe. Ni juisi tu. Mimi ndiye mwenye wazimu."

Nilielewa nusu, na hiyo nusu ilitosha. Sikupiga kelele. Nilitoka, nikavuka ua, nikavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, gari likanipigia honi. Nikasimama mbele ya kibanda cha mtu ambaye sijamsemesha kwa wema miaka minne.

"Mdogo wangu," nikasema. "Njoo."

Alikuwa ana kiatu cha mtu gotini na misumari mdomoni. Aliitema. Hakuuliza.

Alipofika mlangoni mwa sakristia alisimama kidogo, nikaona pua yake inatanuka. Harufu ya divai ilikuwa imejaa mle ndani. Akajifuta uso kwa mkono, akaingia, akaketi sakafuni pale pale penye maji, bega kwa bega na paroko.

"Padre. Ni mimi, fundi. Leo siku yangu ya ishirini na sita."

"Mimi sina siku," akasema paroko. "Nilikuwa na miaka sita. Sasa sina."

"Unayo hii ya leo. Nipe hiyo chupa."

Wakashikana na ile chupa, bila kugombana, kila mmoja kaishika shingo yake. Kisha paroko akaachia. Mdogo wangu aliinyoosha kwangu akiwa amegeuza uso ukutani. "Kamwage, dada. Upesi. Upesi!"

Nikaimwaga nje kwenye mvua. Niliporudi, paroko alikuwa analia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa, na yule mlevi wangu, yule wa kaburini, amemkumbatia kichwa anamwambia, "Lia tu. Mimi nipo. Lia tu."

Jumanne, 24 Machi

Padre Mzee kaniita chumbani kwake. Alikuwa hana simulizi leo.

"Unajua mustumu ni nini?" akaniuliza.

Sikujua.

"Ni maji ya zabibu yaliyozuiwa yasichache. Ni halali kwa misa. Askofu humruhusu padre anayeumwa pombe aitumie. Akigusa divai, hata funda, mwili wake unadai pipa. Wewe na mimi tunaweza kunywa moja tukalala. Yeye hawezi. Si kwamba hataki."

"Alikuwa mlevi?"

"Ni mlevi, Mama. Mlevi aliyekuwa hajanywa miaka sita na miezi miwili. Ndiyo maana niliacha ile bia yangu. Na ndiyo maana sielewi. Mtu mwenye miaka sita, anaamka tu siku moja anaanguka? Nimekuwa nikijiuliza ni nini kilimgusa."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda chake.

"Nimezika mapadre watatu kwa ugonjwa huu," akaendelea Padre Mzee. "Mazishini tulisema ini, tukasema moyo, tukasema uchovu wa kazi. Padre mgeni akifika kitu cha kwanza tunamtilia glasi. Akizidisha tunacheka. Akianguka tunamhamisha, anakwenda kuanguka kwa wengine. Na siku zote tunafunga mlango kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawahubiria ninyi hivyo hivyo."

Sikumwambia. Midomo ilikataa.

Kuuliza si ujinga. Aliniambia niulize, aliniambia nisione haya.

Alhamisi, 26 Machi

Nimefungua chumba cha katekesi saa tisa na nusu, bila kuagizwa na mtu. Walikuja kumi na mmoja. Sikuingia.

Ijumaa, 27 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa ameketi kitandani mwake, ndevu hajanyoa, mlango wazi, mdogo wangu kwenye stuli pembeni. Hajamwacha tangu Jumatatu, kibanda kimefungwa, wateja wanalia na viatu vyao. Nilipiga magoti, paroko akasema, "Inuka, Mama, sakafu ina baridi." Nikabaki palepale.

"Padre, siku ile ya misa ya mama yangu, niliyetia divai ni mimi. Nilidhani ile yako ni juisi. Ukaniuliza, nikakudanganya."

Mdogo wangu alisimama, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

"Kumbe ilikuwa divai," akasema paroko.

"Ilikuwa divai."

"Sikuwa nimepata wazimu."

"Hapana, Padre."

Akavuta pumzi, akaitoa, kama aliyetuliwa gunia. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze! Akasema, "Unajua nilikaa siku tatu nzima nikiamini ulimi wangu umegeuka? Kwamba hata nikinywa maji yatakuwa divai, sasa ya nini kujinyima? Funda lile la kwanza lilikuwa lako, Mama. Chupa ya kwanza nilifungua mimi. Usinibebee na hiyo."

"Bora ungenipiga."

"Sina nguvu," akasema, na akacheka kidogo, ndevu zimemsimama. Kisha kicheko kikakatika. "Ungeniambia pale pale, ningekimbilia kwa Padre Mzee, tungekesha naye kwa chai, ingepita. Hilo ndilo linaloniuma. Sikufichi."

Mdogo wangu alikuwa bado dirishani. Bila kugeuka akasema, "Dada yangu hajawahi kukosea. Ndiyo shida yake."

Hilo nimestahili.

Jumamosi, 28 Machi

Askofu kaja na gari moja, bila msafara. Nilipeleka chai sebuleni. Alikuwa anamwambia Padre Mzee, "Atapelekwa kwenye ile nyumba ya matibabu leo hii. Waamini wataambiwa ni shinikizo la damu. Akipona atapewa parokia nyingine, mbali."

Nikaweka sinia mezani. Nikatoa funguo za sakristia, nikaziweka kando ya sukari, nikasema yote nikiwa nimesimama. Divai, mafua, uongo. Padre Mzee alifumba macho.

Askofu aliuliza jambo moja. "Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wangu, Baba Askofu."

"Ni mtu wa kuaminika?"

"Ni mlevi," nikasema. "Wa siku ya thelathini na moja."

Hapo ndipo hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi, mbele ya askofu mzima na pete yake. "Mngeniambia neno moja tu! Nimebeba siri za nyumba hii miaka ishirini na mbili. Mngesema, Mama, padre huyu anaumwa, chupa hii ni dawa yake, ningeilinda kwa mwili wangu! Mkanipa chupa, mkaninyima sababu!"

Nikajua nimekwisha.

"Yeye alitaka kuwaambia Jumapili ya kwanza," akasema askofu. "Niliyemkataza ni mimi." Alikuwa anazitazama zile funguo. Akazisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Zichukue. Sasa ni wewe peke yako unayejua ipi ni ipi."

Gari liliondoka saa saba. Paroko alikaa nyuma na sanduku lake. Vile vichupa hakuvichukua, vimebaki saba kabatini kwangu. Mdogo wangu alimfungia mlango wa gari, akasimama barabarani mpaka lilipopotea, kisha akaenda kufungua kibanda. Nilimwita. Hakusikia, au hakutaka.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Padre Mzee katangaza: paroko yuko mapumzikoni kwa sababu za kiafya. Mpishi kanikonyeza. Nilimwambia akinikonyeza tena nitamng'oa hilo jicho.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Siku ya thelathini na sita. Hakupaza sauti uani. Nimehesabu mwenyewe.

Jumamosi Kuu, 4 Aprili

Kibanda kimefungwa tangu jana. Labda ni kwa sababu ya siku kuu.

Pasaka, 5 Aprili

Askofu mwenyewe kaja kutusomea misa ya asubuhi. Kanisa pomoni, watu mpaka chini ya upenu, na jua limetoka kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Nilikuwa natia divai kwenye vichupa. Akaja akasimama nyuma yangu, amevaa nusu, akasema taratibu, "Mama, vile vichupa vidogo vya paroko vimebaki?"

"Vimebaki saba, Baba Askofu."

"Nitilie hiyo."

Zamani ningesema ndiyo, Baba Askofu, nikatia, nikaenda kuyajenga yangu nyuma ya nguzo. Leo nikageuka. Nikauliza. "Kwa nini, Baba Askofu?"

Akafunga kwanza mlango wa sakristia.

"Kwa sababu ileile," akasema. "Miaka kumi na tisa bila tone, ikifika Julai."

Nilimwaga ile divai kwenye sinki nikashindwa hata kufunga bomba. Askofu! Yeye aliyesema shinikizo la damu! Nilikiosha kichupa mara tatu kwa maji ya moto, nikakausha, nikanusa, nikatia mustumu, nikaonja kwa kidole kuhakikisha ni tamu. Nikakipeleka altareni mwenyewe, na wakati wote wa misa sikukitoa machoni.

Kwenye mahubiri akasema, "Paroko wenu hana shinikizo la damu. Paroko wenu anaumwa ugonjwa wa pombe, na anatibiwa. Yeye alitaka mjue. Aliyemfunga mdomo ni mimi, na nimekosa. Akirudi, atarudi hapa hapa." Kanisa zima lilishusha pumzi kwa pamoja. Mama mmoja akasema "Masikini!" kwa sauti. Askofu alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza jambo. Nilishika nguzo. Hakuongeza, akaendelea na sala ya Nasadiki.

Simlaumu. Lilikuwa lake la kusema.

Nilitazama benchi wanalokaa wale wa Alhamisi. Kumi walikuwapo. Mdogo wangu hakuwapo.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Leo ni siku ya arobaini. Nimeihesabu kwa penseli kwenye jalada la daftari hili tangu ile ya pili, mstari mmoja mmoja, sijamwambia mtu. Tangu asubuhi nimepika. Nimetoa sahani za mama, zile za maua, ambazo hazijatoka kabatini tangu msiba. Nimeacha geti wazi.

Alikuja saa nane mchana. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama nje ya ua pale pale anaposimama siku zote, ila hakupaza sauti. Shati limefungwa kifungo kisicho chake. Kiatu kimoja hakina kamba, yeye, fundi viatu.

Nikatoka mpaka getini. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kwa furaha, na neno lilikuwa limeshatoka kabla sijamtazama vizuri. "Mdogo wangu, leo siku ya ngapi?"

Hakuinua macho. Harufu ilinifikia kabla ya jibu, ile ya jana yake, iliyolala mwilini.

"Ya kwanza, dada," akasema.

Nilisimama pale. Mkono wangu ulikuwa juu ya geti, na mkono una mazoea yake. Niliuhisi unataka kulisukuma. Yeye naye aliona. Akaanza kugeuka.

Nikamshika kiwiko.

"Chakula kinapoa," nikamwambia. "Ingia."

Amekula kidogo sana, mikono inamtetemeka, amevunja sahani moja ya mama. Sasa amelala kwenye kochi, na mimi nimeketi hapa mlangoni na daftari. Nimechora mstari mmoja.